Mzazi Hapewi Barafu

Nilipoanza kazi katika wodi ya wazazi, jijini Toronto, kitu cha kwanza nilichoonyeshwa ni mashine ya barafu. Ilikaa katika kijichumba pembeni ya korido, ikinguruma kutwa kucha, na sisi wauguzi tulipishana pale mlangoni kama watu wanaochota maji bombani. Mama akishajifungua alipewa bilauri ya maji yenye barafu. Aliyeshonwa aliwekewa pakiti ya barafu kwenye mshono, kupunguza uvimbe. Mwenye kichefuchefu alipewa vipande vya kumung'unya. Mimi ni mtoto wa Marangu, uuguzi nimesomea Tanga, na kote huko sikuwahi kuona mzazi akipewa kitu cha baridi. Ningethubutu, ndugu zake wangenitoa wodini mbio. Lakini hapa nilikuwa mgeni, tena ilikuwa miaka ile ya tisini ambapo hospitali zilikuwa zinapunguza wauguzi na kila mmoja wetu alifanya kazi kwa tahadhari. Nikachota barafu kama wenzangu.

Majira ya baridi ya mwaka wangu wa pili pale, tulimpokea dada mmoja kutoka El Salvador, aliyejifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Mumewe alikuwa fundi, akijenga nyumba mpya kule Markham, na Kiingereza chake kilikuwa kile cha kazini: alijua kutaja misumari na mbao na saa za kuingia, lakini habari za mji wa mimba na mshono zilimpita. Aliyekuja kumhudumia mzazi ni mama yake mzazi, bibi mfupi, mnene kiasi, mwenye mkia mmoja wa nywele uliofika kiunoni. Alikuwa amefika Kanada miezi michache kabla, kwa ajili ya uzazi huo tu, na hakujua Kiingereza hata cha salamu. Aliingia wodini amevaa sweta mbili na amekumbatia sufuria iliyozungushiwa taulo. Ndani yake mlikuwa na supu ya kuku.

Kabla ya chakula cha mchana bibi yule alikuwa ameshakorofishana na nusu ya wodi. Bilauri ya barafu aliichukua mkononi mwa binti yake, akaenda kuimwaga kwenye sinki. Pakiti ya barafu aliirudisha mwenyewe mpaka kwenye meza ya wauguzi, akaiweka pale kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba panya mfu. Mwenzangu alipokuja kumpeleka mzazi akaoge, bibi alisimama mlangoni mwa bafu na hakusogea. Kisha akamfunga binti yake kichwa kwa skafu, akamvalisha soksi za sufu, akafunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa tayari. Mwenzangu akaandika kwenye faili kwamba familia haitoi ushirikiano.

Mimi nilimwona nikamtambua. Sikuwahi kukutana naye maishani, lakini nilimtambua. Alikuwa mama yangu mdogo, alikuwa shangazi zangu wote, alikuwa kila mwanamke mtu mzima niliyewahi kumwona akilinda mlango wa mzazi. Kwetu mzazi hukaa ndani muda mrefu, analishwa, hagusi maji baridi. Tanga niliwakuta wenyewe na arobaini yao. Na huyu, kama nilivyokuja kujua baadaye, naye alikuwa na arobaini yake, tena kwa neno lao lenye maana hiyohiyo.

Nilichukua bilauri nyingine, nikajaza maji ya moto kutoka kwenye birika la chai, nikayapooza kidogo, nikampelekea. Bibi aliigusa kwa kiganja. Akanitazama, akanywa funda moja yeye kwanza, ndipo akampa binti yake. Mchana ule mzazi alikunywa vidonge vyote bila ugomvi. Nikaleta beseni la maji ya moto na taulo, tukamkanda na kumfuta palepale kitandani, bibi upande mmoja na mimi upande wa pili, bila kuzungumza kwa sababu hatukuwa na lugha ya kuzungumza. Alikuwa hodari. Alijua kumgeuza mtu mwenye mshono bila kumtonesha.

Kulikuwa na jambo moja lililomkera ambalo sikulitambua mpaka alipokuja mkalimani. Hospitali ilikuwa na mkalimani wa Kihispania aliyegawa siku zake kati yetu na wodi nyingine, mama wa Kichile aliyekuwa mwalimu kwao. Alisema bibi anauliza ni kwa nini wasichana hawa wanamwita kwa jina lake kana kwamba wamecheza naye utotoni. Kanada nzima ndivyo ilivyo, daktari anaitwa kwa jina, mgonjwa anaitwa kwa jina, mkwe anamwita mkwewe kwa jina. Mimi mwenyewe bado nilikuwa najisikia vibaya kumwamkia mtu mzima kwa "hai" bila shikamoo. Mkalimani akanifundisha kwamba kwao mwanamke wa makamo kama yule huitwa Donya, na kwamba Kihispania kina "wewe" mbili, moja ya wenzio na moja ya heshima. Nikajifunza ile ya heshima. Kesho yake niliingia chumbani nikasema, "Habari za asubuhi, Donya," kwa Kihispania changu cha kuombea maji. Bibi alicheka mpaka akashika meza, kisha akanijibu kwa heshima zote na kunivutia kiti.

Siku hiyohiyo alinikimbilia kwenye korido. Nilikuwa nimeinama juu ya kitanda cha mtoto, nikasema jinsi alivyo mzuri na jinsi nywele zake zilivyojaa, kisha nikaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Nikasikia kandambili zinanifuata mbio. Ni bibi, mtoto mikononi, uso umembadilika kwa hofu. Akanishika mkono, akauweka kwenye paji la mtoto, akaubana pale. Niligusa. Akaniashiria niguse tena. Nikagusa tena, mashavu na vidole vya miguu. Ndipo akashusha pumzi, akatabasamu, akarudi chumbani. Mkalimani alinieleza baadaye: kwao ukimsifia mtoto bila kumgusa, jicho lako linaweza kumdhuru hata kama moyo wako ni safi. Nilishangaa, maana kwetu ningeogopa kinyume chake, kwamba nimemsifia mno, tena nikamgusa kwa mikono yangu ya kigeni. Tangu hapo, kabla ya kumsifia mtoto yeyote, kwanza nilimwangalia mama yake usoni.

Siku ya tatu mtoto akaanza kuwa wa njano. Ni jambo la kawaida kwa vichanga, lakini damu yake ilipopimwa daktari wa watoto hakupenda alichokiona, akaagiza mtoto awekwe chini ya taa za buluu. Mtoto anavuliwa nguo zote, anabaki na nepi, anafunikwa macho kwa kitambaa, analazwa ndani ya kisanduku cha plastiki, na taa zinamwakia juu. Nilimweleza baba mtu kwa Kiingereza chepesi, kwa mikono, kwa kuonyesha ngozi ya mtoto na taa. Akaitika. Mzazi akaitika. Bibi naye akaitika, tena kwa adabu, mikono ameikunja tumboni. Daktari akaondoka ameridhika.

Nilipita baadaye kidogo nikakuta kisanduku kitupu. Mtoto alikuwa kifuani kwa bibi, amefungwa blanketi mbili na kofia. Nilimchukua taratibu, nikamrudisha. Mwenzangu akapita, akakuta vilevile. Akamrudisha kwa maneno makali. Jioni, tena. Asubuhi damu ilipopimwa ile njano ilikuwa imepanda badala ya kushuka.

Daktari alikasirika, na hakuwa mtu mbaya. Alijua manjano ikipanda sana inaweza kuharibu ubongo wa mtoto, na mtoto alikuwa wa kwake pia kwa namna yake. Alisema mbele yetu sote kwamba kama familia haiwezi kumwacha mtoto atibiwe, itabidi waitwe watu wa ustawi wa jamii, na bibi asiruhusiwe kuingia. Muuguzi mkuu wetu, mama wa makamo kutoka Newfoundland, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliniita pembeni. Aliniuliza kama ninawaelewa watu hawa. Nilimwambia ninawaelewa kidogo. Akasema nijaribu asubuhi hii, kabla simu haijapigwa.

Nilidhani ninajua tatizo. Nilidhani ni habari ya jicho: mtoto ametolewa nguo, kila mpita njia anamwona, hana kinga. Mzazi alikuwa na bangili ya uzi mwekundu aliyotaka kumvalisha mtoto, na mwenzangu mmoja alikuwa ameikataza. Nikaenda kwa muuguzi mkuu nikaomba ruhusa, akaruhusu, nikaifunga kwenye kifundo cha mguu wa mtoto kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Bibi alinishukuru sana. Kisha nikamwona anaangalia taa, na macho yake hayakubadilika hata kidogo.

Nikampigia simu mkalimani. Alikuwa wodi ya mifupa, akaniambia nisubiri, nikasubiri nimesimama mlangoni mwa chumba ili asije mtu mwingine na maneno mengine. Alipofika tulivuta viti, tukakaa wote, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni, maana hakuna aliyewahi kukaa chini na bibi yule tangu alipoingia. Kila mtu alimsemea kutoka juu. Nilimuuliza kwanza habari za safari yake, na supu aliipika kwa kuku wa aina gani, kwa sababu kwetu huwezi kumwingia mtu mzima moja kwa moja. Mkalimani akatabasamu, akatafsiri vyote. Walizungumza kuhusu kuku. Bibi alisema kuku wa hapa hawana ladha, wananenepa kama mito ya kulalia.

Kisha nikasema, "Donya, sijaja kukugombeza. Naomba uniambie unaogopa nini."

Alimtazama binti yake kitandani, kisha akanitazama mimi. Alianza kusema polepole, na mkalimani akawa anatafsiri nyuma yake, polepole vilevile.

Wakati wa vita walikimbia kijiji chao kwenda kuvuka mpaka wa Honduras. Binti yake huyu alikuwa mdogo, akitembea ameshika sketi yake. Mgongoni alikuwa na kichanga, mtoto wake wa mwisho. Mvua ikawanyeshea mlimani. Nguo za mtoto zililowa chapachapa, naye hakuwa na nyingine, wala moto hawakuweza kuwasha kwa sababu ya wanajeshi. Akamvua zile za maji, akambana kifuani, akamfunika kwa majani na kwa nywele zake mwenyewe. Kulipopambazuka mtoto alikuwa amekwisha.

"Mimi ndiye niliyemvua nguo," alisema. "Sitamvua mwingine."

Mkalimani aliyatafsiri maneno hayo, kisha akatoa leso. Kitandani, mzazi alikuwa amejiinua kwenye mito bila kujali mshono. Alikuwa akijua kwamba alikuwa na mdogo wake aliyekufa, lakini hakuwahi kuambiwa amekufaje. Alimwita mama yake kwa neno wanalolitumia watoto wadogo, akanyoosha mkono, na bibi akaenda akakaa kando yake. Sisi wawili tulitoka nje tukawaacha. Tulisimama koridoni, mkalimani na mimi, na muuguzi mkuu alipokuja na uso wa kuuliza nikamwambia kwa maneno machache. Alikwenda mwenyewe kuzungumza na daktari.

Tuliporudi sikuwa na hotuba. Nilimwomba bibi akunje mikono ya sweta zake, nikafungua kidirisha cha pembeni cha kile kisanduku, nikauingiza mkono wake ndani, karibu na mtoto. Nilitaka ausikie joto. Aliuacha mkono humo kwa muda mrefu. Aligeuza kiganja juu, akakigeuza chini. Kisha akaniuliza, kwa kupitia mkalimani, kama joto hilo linakaa hata usiku. Nilimwonyesha kipimajoto, nikamwonyesha alama isiyotakiwa kushuka. Nikamwambia namba ikishuka chini ya hapo anibonyezee kengele, nami nitakuja, au atakuja mwenzangu yeyote, na hakuna atakayemwuliza kwa nini ameita. Daktari akaja, akavuta kiti naye, akaeleza upya kwa utulivu jinsi mwanga unavyoitoa ile njano mwilini. Alisema pole. Nilimheshimu kwa hilo.

Bibi alikubali kwa sharti moja, kwamba mkono wake ukae ndani na mtoto. Hakuna kanuni ya wodi iliyokataza. Akakaa pale siku ile na iliyofuata, kiti kimesogezwa, mkono umepita kwenye kidirisha, kidole chake kimeshikwa na mtoto. Kengele aliibonyeza mara nyingi mno, na kila mara muuguzi aliyekuwa karibu alikwenda, akatazama namba, akamwinulia dole gumba. Mwisho hata yule mwenzangu mwenye maneno makali alikuwa akimletea chai, bila barafu, anaiweka mezani akisema Donya kwa lafudhi ya kwao Scarborough. Njano ikashuka. Baba mtu alikuja na gari la rafiki yake kuwachukua, na mzazi alitoka wodini amefungwa skafu, kofia, koti na blanketi, macho tu yanaonekana.

Baada ya hapo nikapata sifa nisizozistahili. Kila akilazwa mtu mwenye jina la Kihispania, wenzangu walinitafuta. Nami kichwa kikanivimba kidogo. Mwezi uliofuata alilazwa mama mmoja wa Kiajentina, daktari wa meno aliyekuwa akiishi Markham, na mimi nikaingia chumbani kwake na birika la maji ya moto, nikamwamkia kwa heshima zote, nikamwambia asiwe na wasiwasi, barafu nimeshaizuia. Aliniangalia kana kwamba nimepotea njia. Akasema ana kiu tangu alfajiri, na kama kuna barafu popote katika jengo hili nimletee bilauri iliyojaa, halafu nimwonyeshe bafu liko wapi. Tulicheka wote wawili, yeye zaidi. Nikakimbia kwenye mashine. Tangu siku hiyo nikaacha kubahatisha. Nikawa namuuliza kila mzazi, wa Kihispania, wa Kisomali, wa Kikanada, kwao mwanamke akijifungua hufanyiwa nini, na yeye mwenyewe anataka afanyiwe nini. Mara nyingi majibu hayo mawili hayakufanana.

Familia ile ya El Salvador haikuniacha. Walinialika ubatizo, wakanialika siku ya kuzaliwa. Mtoto alikua mnono, mcheshi, na bibi, ambaye alikuja kwa ajili ya uzazi tu, akabaki. Mimi wakati huo nilikuwa naishi Thorncliffe Park na mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vipuri Pickering, anatoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Nikapata mimba yangu ya kwanza. Mama yangu aliomba viza, wakamnyima. Nilijifungua mtoto wa kiume bila ndugu mwanamke hata mmoja upande huu wa bahari, na nilirudi nyumbani na mtoto na begi, nikakaa kitandani, mimi muuguzi wa wazazi, nikalia kwa kutojua nianzie wapi.

Kengele ya mlango ililia. Mume wangu akaenda kufungua. Alikuwa bibi, peke yake, amepanda mabasi mawili kwenye theluji na sufuria imezungushiwa taulo. Hakusubiri kukaribishwa. Alivua viatu, akanawa mikono, akamgusa mtoto kichwani kabla ya kumsifia, kisha akanitazama na kusema neno moja la Kihispania nililokuwa nimeshalijua, linalomaanisha mwanangu. Alinilisha supu yote. Alinifunga tumbo kwa kitambaa kirefu alichokuja nacho, kwa mikono ileile hodari, akafunga dirisha, akamwambia mume wangu kwa ishara aende akalale. Alikuja hivyo mara kwa mara majira yale yote ya baridi. Nilizoea kumsikiliza akimwimbia mwanangu jikoni, na hadi leo mwanangu, ambaye Kiswahili anakielewa lakini ananijibu kwa Kiingereza, anajua kuhesabu kwa Kihispania.

Mama yangu alipata viza mwaka wa tatu wa kuomba. Siku alizokuja kututembelea nilimwalika bibi aje tule pamoja. Niliwaacha sebuleni nikaenda kuandaa meza, na niliporudi wameshahamia jikoni. Mama alikuwa amekuta ndizi mbichi nilizonunua kwenye duka la Wajamaika, ameamua kupika mtori, na bibi hakuridhika na namna anavyozimenya. Mama anaongea Kichaga, bibi anajibu Kihispania, kila mmoja ana kisu chake. Bibi akazikata mkato wake, mama akatikisa kichwa, akamwonyesha mkato wake. Wakabishana vile kwa furaha mpaka beseni likajaa ndizi za mikato miwili. Hakuna aliyeniomba nitafsiri, na nisingeweza.

Kabla ya kuondoka, bibi alimshika mama mikono yote miwili akamwambia jambo refu, taratibu, akimwangalia machoni. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akaitika, "Ndiyo, mama, nami hivyohivyo." Nilipomuuliza ameambiwa nini, alisema yeye na mwenzake wameelewana, mimi hayanihusu.

Mama alirudi Marangu. Kila nilipompigia simu aliuliza habari za mwanangu, kisha za mume wangu, kisha za kazi, na kabla hatujaagana aliuliza tena, "Na yule dada yangu wa huko, hajambo?" Nikamwambia hajambo, anakusalimu. Na kweli bibi alikuwa akimsalimu mama, kila Jumapili, kwa jina alilomtungia mwenyewe, maana jina lake halisi lilimshinda kulitamka.